Kigugumizi Kilichotafutwa Davenport

Kati ya Januari na Mei 1939, mwanafunzi wa uzamili wa Chuo Kikuu cha Iowa, Mary Tudor, alikuwa akitoka Iowa City mara kwa mara kwenda Davenport, mji ulio kando ya Mto Mississippi, mwendo wa kilomita 90 hivi. Huko alizungumza na watoto 22 wa nyumba ya mayatima. Watoto 10 walikuwa tayari wanajulikana kuwa na kigugumizi; 12 walisema kama watoto wengine. Kati ya hao 12, sita waliambiwa kwamba usemi wao una kasoro, kwamba dalili za kigugumizi zimeanza kuwatokea, na kwamba ni heri wanyamaze kuliko kufungua kinywa bila hakika ya kusema sawasawa. Ulikuwa uongo mtupu. Nia ilikuwa kuona kama mtoto asiye na kigugumizi anaweza kutiwa kigugumizi kwa maneno tu. Habari hizi zilipofichuliwa mwaka 2001 watu walishtuka, na tangu hapo kisa husimuliwa kwa namna moja: wanasayansi wakatili waliwageuza yatima kuwa wenye kigugumizi. Ukatili ulikuwepo. Kugeuka hakukuwepo, na kosa hilo la usimulizi si dogo, maana anayeamini kwamba jaribio lilifaulu anaishikilia, bila kujua, nadharia ileile iliyowaumiza watoto wale. Ninalodai ni kwamba jaribio la Davenport lilishindwa, kwamba kushindwa kwake kulikuwa ushahidi wa thamani, na kwamba ushahidi huo ulipoachwa ukae rafuni bila kutangazwa, waliolipia si yatima peke yao. Walilipia pia wazazi wa watoto wenye kigugumizi, kwa miongo kadhaa.

Ili kuelewa mtu mwenye nia njema alifikaje kubuni jambo kama hili, inabidi turudi nyuma, kwa sababu historia ya kigugumizi ni historia ya kutafuta wa kumbebesha lawama. Kwa karne nyingi lawama iliwekwa ulimini. Msomaji wa Kiswahili, awe Mwislamu au Mkristo, anakijua kisa cha Nabii Musa aliyemlalamikia Mola wake juu ya ulimi wake alipotakiwa kwenda kwa Firauni. Plutarch aliandika habari za Demosthenes wa Athens, aliyejizoeza kuhutubia huku ameweka vijiwe kinywani. Penye lawama haikosekani dawa, na Januari 1841 daktari mpasuaji wa Berlin, Johann Friedrich Dieffenbach, alimkalisha mvulana wa miaka 13, akauvuta ulimi wake nje, akakata pande la nyama kwenye shina la ulimi na kulishona jeraha. Mvulana alikuwa macho wakati wote. Dawa ya usingizi ya etha ilikuja kuonyeshwa hadharani katika upasuaji huko Boston miaka mitano baadaye. Ndani ya mwaka huohuo madaktari wa Ufaransa na Uingereza nao walishika visu. James Yearsley wa London alikata tezi za koo na kimio, na msomaji wa huku kwetu anayezijua habari za mafundi wa kukata vimio vya watoto kwa ajili ya kikohozi hatashangaa sana. Wagonjwa walionekana kupata nafuu kwa muda, kisha kigugumizi kikarudi, na wengine wakafa. Upasuaji ukaachwa, lakini wazo kwamba lazima pawepo mahali pa kunyooshea kidole halikuachwa.

Katika miaka ya 1920 kidole kilihamia ubongoni, na makao makuu ya wazo hilo jipya yalikuwa Iowa City. Chini ya Carl Seashore, kiongozi wa masomo ya saikolojia, chuo kikuu hicho kilikuwa kimeamua kuufanya usemi wa binadamu kuwa somo la maabara, jambo ambalo vyuo vikubwa zaidi havikulijali. Daktari wa akili Samuel Orton na mwenzake kijana Lee Edward Travis, aliyekabidhiwa kliniki ya usemi mwaka 1927, walifundisha kwamba katika ubongo wa kawaida upande mmoja huutawala mwingine, na pasipo na mtawala amri zinazoshuka kwenye misuli ya kinywa hugongana. Macho yao yaliwaelekea hasa watoto wa mkono wa kushoto waliolazimishwa kutumia wa kulia. Wangekuja pwani ya Afrika Mashariki wangepata kazi ya kueleza: ikiwa kumkataza mtoto mkono wa kushoto kwenye sinia kunatosha kumtia kigugumizi, basi miji yetu yote ingekuwa imejaa watu wasioweza kumaliza salamu. Hata hivyo nadharia ilikuwa na mvuto, na ilileta tiba inayoonekana kwa macho: mkono wa kulia ulifungwa plasta ngumu kama ya aliyevunjika mfupa, ili wa kushoto ushike madaraka yake. Miongoni mwa waliofungwa alikuwemo Wendell Johnson, kijana aliyezaliwa mwaka 1906 katika kijiji cha Roxbury, Kansas, na kufika Iowa mwaka 1926 akiwa na kigugumizi kizito. Plasta haikumsaidia kitu.

Johnson si mtu wa kumpuuza. Alikuwa na akili kali na mzaha mzuri, na mwaka 1930, akiwa bado mwanafunzi, alichapisha kitabu juu ya maisha ya mwenye kigugumizi kwa uwazi ambao wakati huo haukuwa kawaida. Alikuwa amekwisha kupimwa, kupigwa picha, kuunganishwa na mitambo na kufungwa mkono, na alijua kwa mwili wake kwamba maelezo ya walimu wake hayatoshi. Mwenyewe alianza kukwama akiwa na umri wa miaka mitano au sita, na kwa maelezo yaliyoandikwa baadaye, mambo yalianza pale mwalimu alipowaambia wazazi wake kwamba mtoto anaanza kigugumizi. Hapo ndipo penye mbegu ya nadharia yake. Watoto wote, alisema, hurudiarudia silabi na kusita wanapojifunza kusema. Mzazi mwenye wasiwasi husikia kusita huko kwa kawaida, akakuita kigugumizi, akaanza kumsahihisha mtoto. Mtoto naye huanza kuogopa kusita, hujikaza ili asisite, na kule kujikaza ndiko kigugumizi chenyewe. Kwa maneno mengine, ugonjwa hauanzii kinywani mwa mtoto bali sikioni mwa mzazi. Aliongezewa nguvu na maandishi ya Alfred Korzybski juu ya jinsi majina tunayovipa vitu yanavyotufunga fikra. Tena nadharia hii ilikuwa na upole ambao kisu cha Berlin na plasta ya Iowa havikuwa nao: mwili wa mtoto ni mzima, akili yake ni nzima, hana kasoro yoyote. Kilichotakiwa ni watu wazima wanyamaze tu. Ni rahisi kuona kwa nini mtu aliyeteseka utotoni angeipenda. Lakini upole wake kwa mtoto ulinunuliwa kwa bei ya mama, na bei hiyo haikuhojiwa mapema.

Nadharia ya namna hiyo ina njia moja tu ya kuthibitishwa bila shaka, nayo ni kumchukua mtoto mwenye usemi mzuri na kumpachika jina. Hakuna mzazi ambaye angekubali. Davenport hapakuwa na mzazi. Nyumba ile ilianzishwa kwa ajili ya mayatima wa askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na kufikia miaka ya 1930 ilikuwa na mamia ya watoto, wengine wakiwa na wazazi walioshindwa kuwalisha wakati wa mdororo wa uchumi. Chuo kikuu kilikuwa na desturi ya kwenda kule. Mwaka huohuo wa 1939, mwanasaikolojia Harold Skeels na mwenzake walichapisha matokeo ya utafiti wao maarufu kuhusu watoto wadogo 13 waliohamishiwa katika taasisi ya wanawake wenye ulemavu wa akili, ambako walibebwa, wakachezewa na kupendwa, hadi vipimo vyao vya akili vikapanda, huku vya watoto wa kulinganishwa nao vikishuka. Utafiti wa Skeels ulikuja kusifiwa kwa kuonyesha watoto wanahitaji mapenzi. Naukumbusha hapa kwa sababu mlango walioingilia wote wawili ni mmoja: watoto wa umma, wasio na wa kuwasemea, karibu na chuo kinachohitaji watoto.

Tudor alifuata mpango aliopewa na msimamizi wake, Johnson. Waliokuwa na kigugumizi aliwagawa mafungu mawili ya watoto watano watano: hawa wakaambiwa hawana neno, hali itapita, wale wakaambiwa kweli wanasema vibaya kama watu wanavyodai. Wasiokuwa na kigugumizi nao wakagawanywa sita kwa sita, nusu wakisifiwa kwa usemi wao na nusu wakitishwa. Walezi wa nyumba ile waliambiwa uongo uleule juu ya wale waliotishwa, ili nao wawe wakiwakatiza na kuwasahihisha kati ya ziara moja na nyingine. Kumbukumbu alizoziandika Tudor mwenyewe zinauma kuliko hotuba yoyote dhidi yake. Msichana wa miaka mitano ambaye mwezi mmoja kabla alikuwa akizungumza bila shida, sasa ilikuwa kazi kumtoa neno. Wa miaka tisa karibu akatae kusema kabisa, na muda mwingi aliyafunika macho yake kwa mkono. Wa miaka 15 alianza kualisha vidole kila alipozungumza. Alipoulizwa kwa nini, alijibu kwamba anaogopa hataweza kulitamka neno linalofuata. Mvulana mmoja alisimama katikati ya maneno na kueleza kwamba anajua mapema ni wapi atakwama. Hawa walikuwa watoto ambao Januari hawakuwa na habari kwamba usemi ni kitu cha kufikiriwa.

Tusome tena orodha hiyo taratibu. Imo aibu, umo ukimya, imo hofu ya neno linalokuja, yamo macho yaliyofunikwa. Hakimo kigugumizi. Watoto walisema kidogo zaidi, kwa sentensi fupi, kwa kujichunga. Lakini yale marudio ya silabi, ule mvuto wa sauti usiotaka kukatika, ule mkwamo ambapo kinywa kimekaa tayari na sauti haitoki, havikuonekana. Majaji waliokuwa wakiupima usemi wa watoto kabla na baada hawakukuta kwamba wale sita wamegeuka. Mwaka 2002 Nicoline Ambrose na Ehud Yairi wa Chuo Kikuu cha Illinois waliichambua tasnifu ya Tudor ukurasa kwa ukurasa na kufikia uamuzi huohuo: hakuna ushahidi kwamba mtoto hata mmoja alitiwa kigugumizi. Yapo mapingamizi mawili hapa, na yote yana uzito. La kwanza ni kwamba watoto sita kwa miezi minne ni sampuli ndogo mno kuvunja nadharia. Nakubali, lakini ni Johnson aliyedai kwamba sikio la mzazi linatosha, na hapa palikuwa na sikio la mtaalamu, la walezi wote, na woga wa mtoto asiye na pa kukimbilia. Kama mazingira makali kiasi hicho hayakuzaa kigugumizi, inakuwa vigumu kuamini kwamba mama wa kawaida anakizaa kwa kumwambia mwanawe aseme polepole. La pili ni kwamba watoto wengine walikuwa wamepita umri ambao kigugumizi huanza. Hilo ni kweli vilevile, nalo linaiumiza zaidi nadharia, maana katika maelezo ya Johnson hapakuwa na sababu ya kimwili ya umri kuwa kizuizi.

Tasnifu ilikabidhiwa maktaba ya chuo mwaka huohuo wa 1939. Haikuchapishwa. Wenzao wa kliniki waliokuwa na habari nayo waliipa jina la Jaribio la Zimwi, na jina hilo ndilo jibu langu kwa wanaosema kwamba tusiwahukumu watu wa kale kwa vipimo vya leo: waliolibandika ni watu wa wakati uleule, katika jengo lilelile, miaka mingi kabla ya kamati za maadili ya utafiti. Tudor alirudi Davenport mara tatu baada ya kumaliza, kwa hiari yake, akijaribu kuwatoa watoto wale hofu, na mwaka 1940 alimwandikia Johnson kwamba anaamini watapona ila hapana shaka wamewaachia alama. Vita vilipokwisha, na majaribio ya madaktari wa Kinazi kuanikwa Nuremberg, halikuwa jambo la kushangaza kwamba hakuna aliyetaka kuonekana na kazi iliyofanywa kwa yatima. Huwa tunaieleza siri hiyo kama suala la aibu peke yake. Mimi naona ilikuwa pia suala la ushahidi. Johnson alikuwa nalo mkononi jaribio pekee lililoigusa nadharia yake moja kwa moja, halikutoa alichokitarajia, na hakuliweka mezani pamoja na takwimu zake nyingine.

Takwimu hizo nyingine alizitangaza kwa wingi. Mwaka 1942 alichapisha utafiti wa watoto 46 wenye kigugumizi waliolinganishwa na 46 wasio nacho. Mwaka 1959 ulitoka mkubwa zaidi, wa familia 150 kwa 150. Alikuwa amekwisha kuwa mkuu wa kliniki, vitabu vyake vilisomwa na watu wa kawaida, na mashauri yake yaliingia katika ushauri waliopewa wazazi Marekani nzima na nje yake: usilitaje neno kigugumizi mbele ya mtoto, usimwangalie kwa mashaka, usimpeleke kwa mtaalamu, jifanye hujasikia. Mwaka 1944 alidai kwamba Wabannock na Washoshone, wenyeji asilia wa Idaho, hawana kigugumizi kwa sababu lugha zao hazina jina lake. Baadaye wachunguzi waliozijua lugha hizo walikuta majina yapo, na wenye kigugumizi pia. Mwaka 1968 mtafiti aliyezirudia takwimu za Johnson mwenyewe alionyesha kwamba watoto waliopelekwa kliniki walikuwa tangu mwanzo wakirudia silabi na kuvuta sauti kuliko wenzao. Wazazi walikuwa wamesikia kitu kilichokuwepo.

Fikiria hali ya mama wa miaka ya 1950 aliyemkuta mtoto wake wa miaka mitatu, jana mzungumzaji, leo amekwama kwenye herufi ya kwanza ya jina lake. Akisema, ameharibu. Akinyamaza, anabaki na mawazo kwamba amekwisha kuharibu kabla ya kujua. Mtoto naye, ambaye anahisi mdomo umemgomea, anaona kila mtu nyumbani anageuza uso, na anahitimisha anachohitimisha mtoto yeyote: hili ni jambo baya kiasi kwamba halitajwi. Nadharia iliyobuniwa kuondoa aibu ilifundisha nyumba nzima kuficha. Mtu atasema kwamba angalau ushauri wa kunyamaza haukumdhuru mtoto, kwani watoto wengi walipona. Walipona kweli, na wangepona. Huko Bornholm, kisiwa cha Denmark, uchunguzi wa watoto karibu wote waliozaliwa katika miaka miwili ya mwanzoni mwa muongo wa 1990 ulikuta takriban 5% wakipitia kigugumizi, na wengi wao kikawaacha. Tafiti ndefu za Yairi na Ambrose huko Illinois zilitoa picha hiyohiyo: huanza kwa kawaida kati ya miaka miwili na minne, watatu kati ya wanne hivi hupona, na miongoni mwa wanaobaki nacho wavulana ni wengi kuliko wasichana. Tiba yoyote itolewayo katika umri ambao wengi hujiponea itaonekana ina baraka, na ndivyo ushauri wa Johnson ulivyovuna sifa ambazo si zake.

Siri ilianza kuvuja mwaka 1988, mtaalamu Franklin Silverman alipoandika juu yake katika jarida la fani. Wananchi hawakujua hadi Juni 2001, gazeti la San Jose Mercury News lilipochapisha uchunguzi wa mwandishi Jim Dyer, aliyemfikia Tudor mwenyewe, sasa bibi kizee, na waliokuwa watoto wale. Baadhi yao walikuwa hawajui kamwe kwamba yule mwanamke wa mwaka 1939 hakuwa mwalimu wa usemi. Chuo kikuu kiliomba radhi mwaka huohuo, na mwaka 2007 jimbo la Iowa likakubali kulipa dola 925,000 kwa walalamishi, baadhi wakiwa hai na wengine wakiwakilishwa na warithi wao. Johnson alikuwa amekufa tangu 1965, mezani kwake, akiandika makala ya ensaiklopidia juu ya matatizo ya usemi. Kituo cha usemi na usikivu cha chuo hicho kilipewa jina lake. Vyombo vya habari vilivyoandika kwamba yatima waligeuzwa kuwa wenye kigugumizi vilitaka kumshutumu, na badala yake vikampa ushindi ambao takwimu zake zilimnyima.

Wakati kesi ikiendelea, ushahidi wa upande wa pili ulikuwa umejaa. Uchunguzi wa mapacha ulishaonyesha kwamba wanaofanana kabisa hushirikiana kigugumizi zaidi ya wasiofanana. Mwaka 2002 watafiti wa Ujerumani walieleza katika jarida la Lancet tofauti katika njia za mawasiliano za upande wa kushoto wa ubongo wa watu wenye kigugumizi, na tafiti zilizofuata zilizikuta tofauti za jamii hiyo kwa watoto. Travis, ambaye Johnson alimkimbia, alikuwa na chembe ya kweli. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba plasta ya mkono inaweza kuufikia ubongo. Mwaka 2010 kundi la Dennis Drayna, wa taasisi za taifa za afya za Marekani, lilitangaza mabadiliko katika jeni tatu zilizopatikana kwanza kwa kuchunguza familia za Pakistani, na mwaka 2015 jeni ya nne kutoka familia moja kubwa ya Kameruni ambamo kigugumizi kilikuwa kimeenea vizazi kwa vizazi. Vitoto vya panya vilivyowekewa mabadiliko ya aina hiyo vilitoa milio yenye mapengo marefu yasiyo ya kawaida, na sidhani kuna mtu atakayedai kwamba panya wale walilelewa na mama mwenye wasiwasi. Mwaka 2025 uchambuzi wa vinasaba vya zaidi ya watu milioni moja ulitaja maeneo 57 yanayohusiana na kigugumizi. Hakuna hata moja kati ya hayo linalotosha peke yake kumtabiria mtoto kitakachompata, na anayetafuta jeni moja ya kuilaumu atakuwa amerudi Berlin kwa mlango mwingine.

Lakini jibu kali zaidi kwa Johnson halikutoka maabara ya vinasaba. Lilitoka Sydney, ambako kuanzia miaka ya 1980 Mark Onslow na wenzake waliandaa tiba ya watoto wadogo iitwayo Lidcombe, na tiba hiyo inafanya lilelile alilolikataza: mzazi hufundishwa kumwambia mtoto waziwazi, kwa upole, kwamba hapo umesema vizuri, na mara chache zaidi kwamba hapo umekwama, jaribu tena. Kama kutaja kungekuwa ndiko kunakozaa kigugumizi, kliniki hizo zingekuwa viwanda vya kukitengeneza. Mwaka 2005 jarida la BMJ lilichapisha jaribio la Nyuzilandi la watoto 54 wenye umri wa miaka mitatu hadi sita, waliogawanywa kwa bahati nasibu. Baada ya miezi tisa kigugumizi kilikuwa kimepungua kwa 77% kwa waliopewa tiba na 43% kwa wasiopewa. Mtetezi wa Johnson ana hoja moja nzuri hapa, na naiweka mezani: mwaka 2015 jaribio la Uholanzi la watoto 199 lilishindanisha Lidcombe na tiba ya kupunguza mashinikizo yanayomzunguka mtoto bila kuugusa usemi wake, na baada ya miezi 18 matokeo yalikaribiana sana. Basi kutulia kwa nyumba nako kuna faida? Inawezekana. Ila jaribio hilo linaonyesha kwamba njia mbili zinaweza kusaidia; halionyeshi kwamba nyumba isiyotulia ndiyo iliyoleta tatizo, kama vile bakora inayomsaidia mzee kutembea isivyothibitisha kwamba alichechemea kwa kukosa bakora.

Kinachobaki ni swali la kijana, na hapa nadhani Davenport ina la kufundisha ambalo wataalamu wa vinasaba hawana. Anayefika umri wa kubalehe akiwa bado na kigugumizi, uwezekano wa kumwacha chenyewe umepungua sana. Kwa wakati huo anabeba vitu viwili. Kimoja ni kule kukwama, ambako kumo mwilini. Kingine ni ustadi aliojijengea wa kukwepa: kubadilisha neno katikati ya sentensi, kusema hajui jibu analolijua, kumtuma mwenziwe dukani, kukohoa ili apate nafasi. Hicho cha pili ndicho walichotengenezewa watoto sita wa mwaka 1939 bila ya kuwa na cha kwanza. Kwa ubaya wake wote, jaribio lile lilivitenganisha vitu ambavyo kwa mgonjwa wa kawaida havitenganiki. Charles Van Riper, mwenye kigugumizi mwingine aliyepitia mikononi mwa Travis kisha akafungua kliniki Kalamazoo, Michigan, mwaka 1936, aliijenga tiba ya vijana na watu wazima juu ya tofauti hiyohiyo bila kuhitaji yatima: aliwafundisha kukwama waziwazi, bila kujikaza, mbele ya watu, hadi hofu ipungue makali na kukwama kwenyewe kuwe kwepesi. Mtaalamu wa leo anapomwambia mama wa mtoto wa miaka mitatu kwamba hakumletea kigugumizi na wala asiogope kukitaja, kisha akamwomba mwalimu wa kijana wa sekondari asimmalizie maneno yake wala kumruka zamu yake ya kusoma, anakataa nusu moja ya mafundisho ya Johnson na kuitumia nyingine katika siku hiyohiyo ya kazi.